TUTEMBEE DUNIANI: Vijiji viwili vya mulima mumoja

Akina baba munaorudi kazi ya usiku, akina mama wa soko, na ninyi vijana munaosoma ukurasa huu mbele ya kufungua daftari la hesabu, karibuni tutembee.

Mwezi huu tunaenda mbali sana. Kijana mumoja wa Likasi ametuandikia barua fupi. Anasema hivi: "Kwa televizyo naona watu wanateleza juu ya mulima mweupe, mbao mbili kwa miguu, wanacheka. Watu wa vijiji vya milima ile, wao pia wanateleza? Ao wanaishi na kazi gani?" Asante, mwana wetu. Barua yako ni fupi lakini swali lake ni zito, na jibu lake linatugusa sisi watu wa mashimo ya shaba. Utaona.

Kwanza ile nyeupe. Ni theluji, wengi wetu tumezoea kusema neje, sawa Wafaransa. Ni maji ya mbingu iliyoganda kwa baridi, inaanguka polepole sawa pamba, inalala chini. Musiseme haiko kwetu: kule Kivu ya Kaskazini, kwa mupaka wa Uganda, mulima Ruwenzori una theluji kwa kichwa chake, kwa sababu unapanda kupita meta 5,000. Lakini kule hakuna mutu aliyeweka viti vya kupandisha watu. Katika inchi za baridi wamefanya theluji kuwa biashara. Wanafunga waya kubwa za chuma toka chini ya mulima mpaka juu, wanatundika viti kwa waya, mashini inavuta. Mutu anakaa kwa kiti, anapandishwa, anafika juu, anashuka na mbao zake kwa dakika chache, kisha anapanda tena. Siku nzima vile. Muchezo ule unaitwa skii, na hauko muchezo wa bure.

Sasa twende katika inchi ya Marekani, jimbo la Colorado, ndani ya milima ya Rocheuses. Kule kuna muto unaoitwa Eagle. Unatoka juu, unapita katikati ya mawe marefu sawa kuta, kisha bonde linafunguka. Katika bonde lile la chini kuna miji miwili ya skii inayojulikana dunia nzima: Vail, na pembeni yake Beaver Creek. Hata Gerald Ford, aliyekuwa Rais wa Marekani toka 1974 mpaka 1977, alikuwa anakuja kupumzika kule, na nyuma ya kazi yake alikuwa na nyumba Beaver Creek.

Lakini sisi hatusimame Vail. Tunapanda muto, tunapita muji mudogo wa Minturn, tunafuata barabara iliyokatwa kwa mawe, mutu akitazama chini anashikwa na kizunguzungu. Juu ya ukingo tunaona nyumba nyingi, lakini hakuna moshi, hakuna mbwa, hakuna nguo zilizoanikwa. Mahali pale panaitwa Gilman. Tunaendelea kilometa chache, tunafika kwa kiraro kirefu cha chuma, na chini ya kiraro tunaona nyumba ndogo za mbao, motokari, mutu anayeondoa theluji mbele ya mulango wake na shepo. Pale ni Red Cliff. Kina wakaaji karibu 250 tu. Kartie moja ya Lubumbashi inakipita mara nyingi.

Vijiji hivi viwili, kimoja kimekufa na kingine kiko hai. Vyote viwili vilizaliwa na kazi ileile ya kuchimba mawe, chini ya mulima uleule. Sababu gani kimoja kilikufa na kingine kikabaki? Njo habari yangu ya leo.

Red Cliff ni muzee wa bonde lile lote. Kilianza mwaka wa 1879, wakati watafuta-feza walipotoka Leadville, ngambo ya mulima, wakisikia kwamba mawe ya upande huu pia yana feza. Inchi ile ilikuwa ya Waute, watu wa kwanza wa milima ile, waliowinda pale tangu zamani. Mwaka wa 1881 serikali iliwaondosha kwa nguvu, wakapelekwa Utah. Tuseme vile ilivyokuwa: mbele ya kompani kufukuza wachimbaji, wachimbaji walikwisha kukaa kwa inchi ya waliofukuzwa. Kisha Red Cliff kilikuwa hata makao ya wilaya, toka 1883 mpaka 1921. Leo mutu akikiona hawezi kufikiri kwamba watu walikuwa wanapanda pale kutafuta hakimu.

Gilman ilianza mwaka wa 1886, juu ya ukingo, meta karibu 180 juu ya muto, na kupita meta 2,700 juu ya bahari. Ninyi watu wa Kolwezi munaosema kwenu ni baridi mwezi wa sita, muwahurumie. Mwanzo ilikuwa mashimo madogo ya watu mbalimbali. Katika miaka ya 1910 kompani moja kubwa, New Jersey Zinc, ikaanza kununua mashimo yale moja moja mpaka yote yakawa yake, na yakaitwa shimo la Eagle. Kwa sababu hapakuwa nafasi juu ya ukingo, walijenga usini ya kusagia mawe ndani ya mulima, chini ya udongo. Ikaanza kazi mwaka wa 1929. Treni ilipita chini kabisa, kando ya muto, na kubeba zinki. Mpaka mwaka wa 1970 mulima ule ulikuwa umetoa mawe ya tani karibu milioni 10, na ndani yake zinki kupita tani 800,000, pamoja na risasi, shaba, feza na zahabu kidogo.

Na Gilman yenyewe ilikuwa nini? Baba, mama, ninyi munajua, hata sina haja ya kueleza. Ilikuwa kampi. Nyumba za kompani, zimepangwa kwa mustari. Lopitalo ndogo ya kompani. Magazini. Hata nyumba ya kuchezea ule muchezo wa kusukuma mupira muzito ili kuangusha vijiti. Watoto wakazaliwa pale, wakakua pale. Jamaa nyingi za wachimbaji zilikuwa na majina ya Kispanioli. Wazee wao walitoka kusini mwa Colorado na New Mexico kutafuta kazi. Kazi ilikuwa nguvu, lakini nyumba ilikuwa na moto, na munganga alikuwa karibu.

Watu wa Red Cliff walifanya kazi katika shimo lilelile. Asubuhi walipanda kule, magaribi walirudi. Lakini nyumba zao hazikuwa za kompani. Zilikuwa ndogo, zingine zilipinda kidogo, mabati yalipiga kelele kwa upepo, lakini karatasi ya kiwanja ilikuwa katika sanduku ya mama. Pengine watu wa Gilman waliwaona kuwa wajinga. Kwa nini ujichokeshe kutengeneza dari lako mwenyewe, wakati kilometa chache tu kompani inatuma fundi?

Mimi ninayeandika nilizaliwa katika nyumba ya kampi. Nakumbuka siku baba alipomaliza kazi, miaka mingi, akapewa saa ya mukono na barua mbili. Barua ya kwanza ilikuwa ya kumushukuru. Ya pili ilisema tutoke katika nyumba ndani ya miezi mitatu. Yaya wangu aliisoma kwa sauti, kisha akaisoma tena. Mama hakusema neno. Alitoka inje, akaanza kungoa miti midogo ya machungwa aliyoipanda kwa mukono wake nyuma ya jiko. Sitaji kompani. Wengi wenu munaweza kuitaja kwa ajili yangu, na kila mutu atataja ingine.

Turudi Colorado.

Namna gani skii ilifika? Ililetwa na vita. Mwaka wa 1942, wakati wa vita ya pili ya dunia, jeshi la Marekani lilijenga kampi kubwa ya waaskari karibu na Red Cliff, ikaitwa Camp Hale. Waaskari elfu na elfu walifundishwa pale kupigana katika milima na kutembea na mbao juu ya theluji. Wakapelekwa Italia. Mumoja wao, Pete Seibert, aliumizwa vibaya kule mwaka wa 1945, hata walifikiri hatatembea vizuri tena. Alirudi katika milima ileile na wazo moja kichwani: kufungua mahali pa skii. Mwaka wa 1957 rafiki yake Earl Eaton, mwana wa bonde lile, alimupandisha mulima mumoja ambao hakuna mutu aliyeujali. Eaton alikuwa anatembea katika milima ile kutafuta uraniumu. Watu wa Likasi, ninyi munaokaa karibu na Shinkolobwe, munajua uraniumu ni nini. Eaton hakupata utajiri wa uraniumu. Akaonyesha rafiki yake theluji.

Chini ya mulima ule palikuwa mashamba ya kondoo. Seibert na wenzake walinunua inchi kidogo kidogo, na ili bei isipande walijifanya kuwa chama cha wavuvi na wawindaji tu. Akili, ao hila? Mimi nasema vyote viwili. Tarehe 15 mwezi wa 12, mwaka wa 1962, Vail ikafunguliwa. Siku moja ya kupanda ililipwa dola 5. Siku hizi mutu akinunua tikiti ya siku moja mulangoni wakati wa watu wengi, anatoa kupita dola 300. Mwalimu wa hesabu awape watoto kazi ile: mara ngapi?

Basi kwa miaka 15 kazi mbili ziliishi pamoja katika bonde moja. Juu, baba anashuka chini ya udongo na taa kwa kofia. Chini, mugeni anapanda mulimani na miwani ya jua. Vijana wakaanza kuchagua. Wengine walifuata baba zao, wengine wakaenda kushika kazi ya kupandisha watu kwa viti, kupika, kujenga hoteli. Hakuna aliyejua kwamba mulango mumoja unakaribia kufungwa.

Mwaka wa 1977 kompani ikasimamisha kazi ya zinki. Bei ilikuwa mbaya na mawe mazuri yalikuwa yamepungua. Watu wachache walibaki wakichimba shaba na feza. Kisha mahali pote pakauzwa kwa mwenyewe mupya. Na mwaka wa 1984 mwisho ukafika, na ulifika kwa njia ambayo sisi Wakatanga tunaweza kuielewa kupita watu wengi wa dunia: deni la umeme. Umeme haukulipwa, ukakatwa. Umeme ukikatwa, mapompi yanasimama. Mapompi yakisimama, maji ya chini ya udongo haingojei mutu. Ikaanza kupanda ndani ya shimo, gorofa kwa gorofa.

Wazee wa Kipushi, nafikiri hapa munatikisa kichwa. Kipushi nayo ni zinki na shaba, nayo ilisimama, mwaka wa 1993. Lakini kwa miaka mingi watu waliendelea kuvuta maji chini, ijapokuwa hakuna jiwe lililotoka. Mwaka wa 2011 pompi kubwa iliharibika na maji ikapanda. Ikawa kazi ya miaka kuirudisha chini. Mwezi wa 6 wa 2024 usini mupya ikaanza kutoa zinki ya Kipushi tena. Shimo linalovutwa maji linaweza kungojea. Shimo la Eagle halikupewa nafasi ile.

Na watu wa Gilman? Wakatoka. Wote. Mwaka uleule wa 1984. Nyumba haikuwa yao, kiwanja hakikuwa chao, magazini, lopitalo, hata barabara ya ndani, vyote vilikuwa vya mwenyewe wa shimo. Serikali nayo ilikuwa inaona kwamba udongo na maji ya pale imeharibika na sumu: risasi, arseniki, kadmiumu. Ukifikiri vizuri, wangalipenda kubaki hawangalipata maji ya kunywa. Lakini nafikiri pia juu ya ile siku yenyewe. Kazi imekwisha, na siku ileile nyumba pia imekwisha, na jirani imekwisha, na mahali pa kaburi la kukumbuka panakuwa nyuma ya kizuizi kilichoandikwa "Hakuna njia". Mutu akipoteza kazi, kwa kawaida anarudi nyumbani kulala na kufikiri. Wao hawakuwa na pa kulala.

Nyumba zile ziko pale mpaka leo. Madirisha yamevunjwa, vijana wanaingia kwa siri kuandika majina yao kwa kuta, polisi wanawafukuza.

Maji yaliendelea na kazi yake. Ilijaza shimo, ikapata njia, ikatoka mulimani ikishuka katika muto Eagle. Karibu na mwaka wa 1990 muto uligeuka rangi ya machungwa. Samaki zikafa. Na sasa sikilizeni jambo hili, kwa sababu ndipo matajiri walipoamuka. Kule Beaver Creek, theluji ya mbingu isipotosha, wanatumia mashini zinazovuta maji ya muto na kuipuliza katika baridi, inakuwa theluji. Wakavuta maji ya Eagle sawa kila siku. Mashini zikapuliza theluji ya rangi ya machungwa juu ya mulima wa wageni.

Sitaki kucheka, lakini nimecheka. Miaka yote wachimbaji walikuwa juu na wageni chini, kila mutu na dunia yake. Muto mumoja uliwaunganisha.

Mahali pale palikuwa pamekwisha kuwekwa, mwaka wa 1986, katika orodha ya serikali ya Marekani ya mahali pabaya kabisa pa sumu, ambapo mwenye kuharibu analazimishwa kusafisha. Lakini mwenye kuharibu ni nani? New Jersey Zinc ilikuwa imenunuliwa mwaka wa 1966 na kompani ingine, Gulf and Western. Kompani hiyo ilikuwa pia na usini ya sinema ya Paramount, na mwisho ikachukua jina lile la sinema. Mwaka wa 1994 Paramount ikanunuliwa na Viacom, watu wa televizyo. Kwa hiyo kompani ya sinema na televizyo ndiyo iliyoshitakiwa kulipa usafi wa shimo la zinki. Mutu wa Viacom pengine hakujua hata kwamba zinki inatoka wapi. Lakini deni linafuata karatasi, na katika inchi yenye sheria inayoshika, karatasi hazipotei. Walihamisha takataka za mawe yaliyosagwa, wakazifunika. Wakajenga usini ya kusafisha maji ya shimo. Samaki zilirudi polepole. Usini ile haiwezi kufungwa kesho: mulima haujaacha kutoa maji, na maji bado ina sumu.

Mutaniuliza: na Red Cliff?

Red Cliff kilipigwa vilevile. Mishahara ikakoma siku moja. Treni nayo, iliyokuwa ikipita chini ya kiraro, ilisimama mwaka wa 1997. Njia ya chuma iko, lakini nyasi inaota katikati. Wengi waliondoka. Lakini mwenye kubaki alikuwa na pa kubaki. Baba alitengeneza ile motokari ya zamani, mama akavaa makoti mawili, wakashuka Vail kutafuta kazi kwa wageni: kutandika vitanda, kuosha sahani, kuendesha basi, kuondoa theluji usiku kwa tingatinga. Kule Leadville, ngambo ya mulima, vilevile: shimo kubwa la Climax lilipoacha watu katika miaka ya 1980, watu wakawa wanavuka mulima kila siku kwenda kufanya kazi za hoteli. Katika miaka ya 1990 hata vijana wa Afrika ya Magharibi walifika katika hoteli za milima ile. Fikiri mwana wa jangwa anaingia kazi saa kumi na moja asubuhi, ndevu zake zikiwa na barafu.

Je, kazi ya hoteli ni sawa na kazi ya shimo? Wazee wengi wa mashimo wangesema hapana. Shimoni kulikuwa na sindika ya wafanyakazi, na mutu alijulikana kwa ufundi wake. Hotelini mugeni hakuoni. Unaingia akiwa ametoka, unatoka mbele hajarudi. Lakini hotelini mulima haukuangukii, na mapafu hayajai vumbi. Sitaamua; kila jamaa ipime.

Na sasa hatari ya Red Cliff ni ingine kabisa. Zamani hatari ilikuwa kwamba hakuna mutu anayekitaka. Leo kinatakwa kupita kiasi. Bei za nyumba Vail zimepanda mpaka hata munganga na mwalimu hawawezi kununua. Kwa hiyo wenye feza ya katikati wanapanda bonde, wanatafuta Minturn, wanatafuta Red Cliff. Ile nyumba iliyopinda, yenye mabati ya kelele, leo ni mali. Muzee akifa, watoto wanne wanarizi nyumba moja; anakuja mununuzi na bei ambayo watoto hawajawahi kuisikia. Wakiuza, wanagawana feza, lakini hakuna hata mumoja wao anayeweza kununua ingine katika bonde lile. Anaenda kukaa mbali, anarudi kila siku kufanya kazi, anapita mbele ya mulango alipozaliwa na kuona viatu vya skii vya mutu mwingine.

Hata Gilman, kaburi lile, lilitamaniwa. Mwaka wa 2004 kompani moja ya kujenga nyumba za matajiri ilinunua inchi yote ile, pamoja na nyumba zilizokufa, ili kufanya mulima wa skii wa watu wake tu, na mahali pa kucheza golfu. Mwaka wa 2008 wakaaji wa Minturn walipiga kura kukubali inchi ile iingizwe katika muji wao, kwa sababu waliahidiwa mambo mengi. Mwaka uleule mabanki ya Marekani yakaanguka, na kompani nayo. Hakuna nyumba hata moja ya matajiri iliyojengwa Gilman.

Mwana wetu wa Likasi, sijasahau swali lako. Ndiyo, watoto wa Red Cliff na Minturn wengine wanateleza, na wanateleza vizuri. Mutu anayefanya kazi kwa kompani ya skii anapewa karatasi ya kupanda bila kulipa, na huyo njo yule wa zile dola 300. Kuna hata njia moja ya siri-siri, inayotoka kwa mgongo wa mulima wa Vail, inapita katikati ya miti na kushuka mpaka Minturn. Vijana wa pale wanaijua sawa wewe unavyojua njia za nyuma ya soko. Lakini muda mwingi, siku ya teluji nzuri ni siku ya kazi nyingi. Mugeni anapocheza, mwenyeji yuko jikoni.

Saa kumi na moja ya asubuhi, mwezi wa kwanza, Red Cliff kungali giza. Motokari zinapashwa moto mbele ya nyumba, moja, mbili, tatu. Zinapanda kiraro, zinafuata ukingo, taa zao zinapita juu ya madirisha yaliyovunjika ya Gilman. Chini, usini ya kusafisha maji inaendelea kunguruma; ile haina siku ya mungu. Kisha Minturn, kisha barabara kubwa, kisha Vail, na mutu anafungua mulango wa nyuma wa jiko.

Akina baba wa Kipushi munaokumbuka miaka ile ya kuvuta maji bila kutoa jiwe, mutuandikie. Hasa wale waliokuwa kwa mapompi usiku. Tutachapisha barua zenu mwezi ujao, na mukitaka majina yenu yasitajwe, museme tu.